Unyoya Kwenye Injini ya Baba

Kuku aliyemwagiwa maji moto ana harufu yake, na petroli ina yake. Zikichanganyika, mimi hurudi moja kwa moja kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, na hasira zangu za msichana wa miaka tisa huamka upya. Ulikuwa msimu wa harusi ya dada yangu Nekesa. Baba alikuwa fundi wa magarimoshi, mtu wa mvuke tangu ujanani, na alikuwa amejipatia lori kuukuu lililoota majani nyuma ya ghala la shamba moja huko Njoro. Aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba lori hilo ndilo litakalompeleka bibi harusi kanisani, Subukia. Hakuna aliyemwomba. Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu wenye magari yanayotembea, lakini kwa Baba hilo lilikuwa tusi.

Lori liliwaka, ila lilikohoa, likatetemeka na kukosa nguvu hata kwenye kilima kidogo cha sokoni. Shida ilikuwa manifoli, ile mikono ya chuma inayogawa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kwa kila silinda. Kwa wiki tatu Baba aliifungua na kuirudisha, mara nne kwa hesabu yangu. Kila mara alikata gasketi mpya ya karatasi ngumu, ile ya kuziba mwanya kati ya vyuma, akaipaka sabuni ya mche, kisha akaanza na nati ya mwisho upande wa kushoto na kuikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ndipo akahamia ya pili. Kazini kwake bomba likivuja, mvuke hutoka ukipiga mluzi na kila mwenye macho huuona. Basi Baba aliinama juu ya injini akitafuta kitu kinachotoka, na hakikutoka kitu. "Hii haivuji," alisema kila jioni, kisha akalaumu petroli, akalaumu plagi, na siku moja akamlaumu Mama kwa kufagia karibu. Mtu huyohuyo ndiye aliyetuimbia kila siku kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bado naitafuta methali ya mkuu asiyesikia la mtu yeyote.

Jumamosi ya harusi ikafika. Mchungaji alihudumia makanisa mengi kwa baiskeli, na alikuwa ametuma neno kwamba angengoja hadi saa saba mchana. Tukichelewa, tumsubiri hadi mwezi ujao. Nekesa alikuwa ameshangoja miaka miwili wazee wakubaliane. Saa mbili asubuhi alitoka nyumbani kwa vigelegele, akapandishwa mbele ya lori na gauni lake jeupe. Lori lilienda hatua thelathini, hadi kwenye bomba la maji la landi, likazimika. Nekesa alipotaka kushuka arudi ndani, Senge, dada yake Baba, akamzuia kwa mikono miwili. Kwa Senge, bibi harusi akishatoka kwao harudi. Akirudi, ndoa nayo itarudi. Basi dada yangu akakaa palepale juani, kwenye kiti kinachonuka petroli, akilia bila sauti, huku wanakwaya nyuma yake wakirudia wimbo mmoja hadi wakachoka. Saa nne ikapita.

Mimi nilikuwa nanyonyoa kuku wa kula njiani. Nilimwendea Baba, mikono imejaa manyoya, nimwambie kwamba Nekesa analia. Injini ilikuwa imewashwa tena, inakohoa. Unyoya mmoja ukanitoka kidoleni, ukaenda kunata pale manifoli inapoungana na injini. Nikautoa, ukarudi.

"Baba, hapa inavuta unyoya!"

"Toa mikono hapo, wewe mtoto! Kama iko mahali inavuja, si ningeona moshi?"

"Haitoi, Baba. Inavuta!"

"Haya, unyoya ndiyo fundi sasa?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilirusha manyoya yote niliyokuwa nayo juu ya injini ile. Mengine yalinata usoni kwa Baba, kwenye grisi, na wanakwaya wakacheka. Lakini matatu yalijipanga kwenye kile kiungo, upande wa kulia, yakitetemeka. Baba aliyatazama. Akazima injini, akafungua nati. Gasketi ilikuwa imepondeka kushoto, na kulia ilikuwa haijagusa chuma vizuri, hewa ikipenya hapo. Karatasi ngumu ilikuwa imekwisha. Nekesa akapenyeza boksi la viatu vyake dirishani. "Chukua, Baba. Chukua hata viatu, bora twende." Baba alikata gasketi, akailoweka mafuta, na safari hii alianza na nati za katikati, akizikaza kidogo kidogo kuelekea pembeni, kama mtu anayefunga kidonda.

Lori lilipanda kilima cha Bahati bila kukohoa. Tulimkuta mchungaji amekwisha kuingiza suruali ndani ya soksi, mkono kwenye baiskeli, na Nekesa akaolewa. Kwenye karamu Baba alisimama akawaeleza wageni jinsi yeye, kwa sikio la fundi, alivyogundua kwamba injini inavuta hewa. Nilifungua mdomo nimtaje mwenye unyoya. Mama alinifinya ninyamaze.

Siku hizi Wafula, mtoto wa Nekesa, ana gereji mtaa wa Free Area, hapa Nakuru. Mwaka jana nilimwona akichomeka kimashine kwenye gari la mteja, akasoma kioo, akasema, "Boss, hii inavuta hewa kwa manifoli." Dakika kumi hazikuisha. Nilipomsimulia zile wiki tatu, alifungua sanduku la spana alilorithi kwa Baba. Chini kabisa, katika kifuniko cha boksi la viatu, palikuwa na unyoya mweupe, ncha yake imekuwa nyeusi kwa grisi.

"Kuka alikuwa anatumia hii kwa kila injini," Wafula alisema, akimtaja babu yake. "Alisema alifundishwa na fundi mmoja mkali sana wa landi. Jina hakuniambia."

Niliushika unyoya ule, machozi yakanitoka, na hasira vilevile. Niliishi karibu na Baba miaka thelathini baada ya harusi ile, wala hakuniambia. Fundi mwenyewe alikuwa akimpikia chai.