Benzi Lililougua Asubuhi

Kombe wa Ganda alikuwa ameliendesha Benzi la Bi Hindu miaka kumi na mmoja bila kuligusisha ukuta wala mbuzi, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia. Lakini Julai ile ya mwaka wa themanini na nne gari lilimgeuka. Asubuhi usukani ulikuwa mzito hata mabega yakamuuma, na kila alipoondoa mguu kwenye mafuta ili akate kona polepole, injini ilitetemeka ikazima. Ikifika saa sita mchana, gari lilelile lilikwenda laini, usukani ukazunguka kwa kidole kimoja.

Mafundi watatu wa Malindi walilitazama, na wote walilitazama mchana. Wa kwanza alikaza mkanda. Wa pili alipandisha kabureta mpaka gari likawa linanguruma hata limesimama. Wa tatu alilizungusha soko zima, akashuka, akamwambia Bi Hindu kwamba gari ni zima ila dereva ndiye mbovu.

Bi Hindu, mjane wa mfanyabiashara wa mtaa wa Shela, hakuwa mtu wa kumeza maneno ya watu upesi. Lakini wiki ileile yeye na Kombe walilala Kibarani, jirani na Kilifi, kwa mpwa wake, wakaamka alfajiri kuwahi feri ya kwanza ya Kilifi. Kwenye mteremko wa kuingilia feri injini ikazima, usukani ukakakamaa, gari likaacha njia likaelekea majini. Kombe aliivuta breki kwa mikono miwili. Walisimama tairi moja likiwa limekwisha kulowa. Bi Hindu alimaliza dua zake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: Alhamisi ya wiki inayofuata ana miadi na daktari wa macho Mombasa, gari lisipopona kabla ya hapo litauzwa, na Kombe atarudi Ganda kulima mihogo.

Ndipo Kombe akalipeleka kwa Mahadhi.

Mahadhi asili yake ni Pate. Alikuja Malindi kijana, akitengeneza injini za mashua, na darasa alilolijua ni la chuoni kwa mwalimu wa Kurani tu. Alifanya kazi na kikoi chake kiunoni, na alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja: gari likifika, haligusi siku hiyo. Sharti lilale.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Kombe. Liwate hapo. Uje kesho n'kitoka msikitini."

"Fundi, Alhamisi haiko mbali."

"Gari likiwa moto huficha maradhi yake. Wende ukalale."

Kulipopambazuka kulikuwa na ubaridi, na Kombe alifika amevaa sweta. Mahadhi aliweka kiganja juu ya injini, akamwambia awashe, kisha ageuze usukani kushoto. Injini ikazima.  Fundi alichukua spana moja, akalegeza na kuutoa ule mkanda unaozungusha pampu ya usukani, akaamuru tena: washa. Injini ikawaka ikanguruma vizuri. Akachukua bisibisi, akaanza kuirudisha kabureta iliyopandishwa, kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha upande, mpaka ngurumo ikashuka ikawa mnong'ono. Kombe hakuwahi kulisikia gari lile likitulia namna hiyo tangu mumewe Bi Hindu alipokuwa hai. 

"Injini haina neno," Mahadhi alisema. "Iko kitu chaikaba."

Akaurudisha mkanda. Injini ikazima palepale. Kumbe maradhi mawili yalikuwa moja! Mafundi watatu na masanduku yao ya vyuma walikuwa wamehangaika wiki nzima, na mtu huyu, kwa spana na bisibisi, alikuwa ameyafikia kabla ya chai.

Mahadhi akafungua kikopo cha mafuta ya usukani, akachovya kidole. Kidole kilitoka na uto mzito, mweupe, ulioganda. Akaunusa, kisha akamsogezea Kombe naye anuse.

Ilikuwa harufu ya nywele za Kadii, mkewe. Kombe aliona aibu hata masikio yakamwaka. Mwezi wa Machi mafuta mekundu ya usukani yalikuwa yameadimika madukani, naye akachukua chupa ya mafuta ya nazi ambayo Kadii aliyapika mwenyewe, akajazia, akajipongeza kwa ujanja wake. Katika joto la Machi yaliteleza kama maji. Kusi ilipoleta baridi, yakawa yanaganda kila usiku, na jua la mchana likiyayeyusha, hakuna fundi aliyeona kitu.

"Usinambie ni nani," Mahadhi alisema. "Mimi n'natengeneza gari."

Wakalipandisha gari matairi ya mbele juu ya magogo. Fundi akafungua mpira unaorudisha mafuta, akawa anamimina mafuta mapya huku Kombe akizungusha usukani kulia na kushoto, na uto ukitoka vipande vipande, kisha kama maziwa, kisha wekundu safi. Asubuhi tatu walirudia. Asubuhi ya tatu Mahadhi aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya injini inayounguruma, akamwambia Kombe azungushe usukani mpaka mwisho. Kahawa haikutikisika. Kombe alitoa kofia kichwani bila kujua kwa nini, akabaki ameishika.

Bi Hindu alikuja Jumatano na fimbo yake.

"Lilikuwa na nini?" aliuliza.

Mahadhi alikuwa anajifuta mikono, na aliendelea kujifuta.  Kombe angeweza kusema pampu, angeweza kusema uzee wa gari, nani angembishia? Lakini mbele ya mtu yule, ambaye mikono yake haikudanganya hata kwa nati moja, ulimi wake ulikataa.

"Ni mimi, Bi Hindu. Nilitia mafuta ya nazi. Siku ile ya feri ilikuwa kosa langu."

Bikizee alimtazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Ya mafuta ya nazi Mahadhi kanambia tangu Jumatatu," alisema. "Mtiaji hakumtaja, nami sikumuuliza. N'likuwa n'nangoja kujua kesho n'tapelekwa na nani."

Akamnyooshea mkono amsaidie kuingia garini.