Sauti ya Mama Kwenye Seva

Mikorosho ya mama kule Nanyamba haikuwa na karatasi. Ipi ya nani, alijua yeye aliyeipanda. Alipoanza kuugua, nilimwomba dada yangu azunguke naye shambani na simu, mama ataje mti kwa mti. Simu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo niliweka humo programu yangu iliyotuma kila rekodi kwenye seva ya ofisini kwangu Mtwara mjini, kisha ikaifuta kwenye simu.

Programu hiyo niliiandika kwa ajili ya orodha za wakulima wanaochukua salfa ya kupulizia mikorosho. Nilijivunia sana. Kila mchana niliona mafaili ya mama yamefika, nikaendelea na kazi zangu.

Mama akafariki. Arobaini ilipokaribia, mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, akataka rekodi zisikilizwe mbele ya ukoo. Nikafungua faili la kwanza, halikulia. La pili vilevile. Nikalaumu mtandao, maana huku kwetu mtandao ndio hubeba lawama zote.

Kwenye simu ya dada ilibaki rekodi moja tu, iliyokwama kwa kukosa bando. Hiyo ililia. Mama anakohoa, anasema amechoka, warudi nyumbani. Nikaweka nakala kando, nikaituma upya, nikalinganisha. Faili lililofika lilikuwa kubwa kuliko lililotoka. Mtandao mbovu hukata faili, hauliongezi.

Programu ilikuwa inasoma kila kitu kama maandishi, kama zile orodha. Kila kipande cha sauti ilichoshindwa kukisoma ilikitupa, ikaweka mahali pake alama ileile moja, nzito kuliko kipande chenyewe. Kurekebisha kosa kulitaka mstari mmoja. Kilichotupwa hakirudi, na mimi ndiye niliyeamuru simu ifute.

Dada alieleza alichosikia. Lakini kwa maelezo yake mikorosho mingi ilikuwa yake mwenyewe, na kaka zetu wakaguna.

"Basi, mpwa wangu," mjomba akaniambia, "tutagawa kwa tunavyokumbuka sisi."

Dada akapata mitano, ya pembeni.

Wageni walipoondoka alikuja kukaa karibu nami. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Kaka, hukusikiliza hata moja? Kila tulipofika mti wako alikusalimia, kisha akanyamaza kidogo, kama anangoja uitikie."

Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi.