Jina Linaweza Kungoja

Lazarus Otiende alikuwa mtu wa kuota mchana. Karani huyo wa rekodi katika kliniki yetu ya Kitengela angeketi dirishani akitazama nyumbu wakipotea polepole kwenye ukungu wa Julai, macho yamelegea, halafu vidole vinaanza kukimbia kwenye kompyuta. Hivyo ndivyo alivyotuandikia programu ya chanjo mwaka 1994, bila kuchora mpango wowote kwanza. Kila tulipoomba kitu, alikiongeza chini. Kufikia 2001 ilikuwa faili moja ndefu ajabu, na ni yeye pekee aliyejua pa kuingilia na pa kutokea. Mimi muuguzi nilimpenda kwa hilo, sifichi.

Programu ilimtambua mtoto kwa jina tu, na bila jina ilikataa kwenda mbele. Kwao Lazarus, Busia, mtoto hupewa jina mapema. Huku wamama wengi Wamaasai hungoja sherehe ya jina, hata mwaka na zaidi. Basi tukawa tunaandika "Mtoto wa Resiato" na kuendelea na kazi.

Resiato akajifungua wa pili. Naye akaingia kwa jina lile lile, na kompyuta ikaona mtoto mmoja aliyemaliza chanjo. Kila mwezi ilitupa orodha ya watoto wa kufuatiliwa nyumbani. Huyo mdogo hakuwemo, na hatukumfuata. Akapatwa na surua.

Makena, fundi mpya wa programu, alikuwa ameshaomba mara mbili programu ibadilishwe.

"Kila mtoto apewe namba. Jina ikuje baadaye," alimwambia Lazarus tena. "Na hii yako tuivunje, tuandike vipande vipande."

"Miaka saba, Makena. Hii kitu iko yote kwa kichwa yangu."

"Hiyo ndiyo shida, mzee."

Lazarus alikwenda wodini, akakaa kando ya yule mtoto alasiri nzima, akimsikiliza akipumua kwa taabu. Aliporudi, alimwachia Makena kiti chake.

Mtoto alipona, ila sikio moja halikusikia tena. Miezi minne Lazarus na Makena walichora tu na kuwauliza wamama maswali, kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Programu mpya ilipofunguliwa, Resiato alimleta mwanawe mdogo aandikishwe upya.

"Anaitwa nani?" Lazarus aliuliza.

"Bado."

Aliacha nafasi ya jina wazi, akabonyeza. Namba ikatokea. Lazarus akazunguka meza hadi upande wa sikio linalosikia, akainama.

"Pole, baba," akamwambia.