Nyumba ya Mawe Iliyomwokoa Gertrude

Mlango wa trela uko wazi na Gertrude anatafuna ngozi. Kila sindano inaposhuka, sakafu inatetemeka na kikombe cha kahawa kinacheza rafuni. Leta Brandvold anasukuma tandiko mbele bila kukitazama kikombe wala jua linalochomoza juu ya uwanja wa mashindano ya farasi hapa Tucson. Nje, vijana wanne wenye kofia pana wamepanga foleni, kila mmoja na tandiko lake begani, wapole kama wagonjwa mlangoni kwa daktari.

"Hili limefanywa nini?" anauliza Leta, akiingiza vidole vitatu kwenye mshono uliofumuka.

"Ndama alivuta kamba, mama," anajibu mwenye tandiko. "Mimi nikabaki, tandiko likaondoka."

"Basi ndama ana akili kukuzidi. Urudi mchana."

Ieleweke mapema kwamba Gertrude si mtu. Ni cherehani ya chuma ya kushonea ngozi nene, aliyemzidi umri kila anayetajwa humu, mwenye uzito wa ndama aliyeshiba na hasira za karibu. Lakini ndiye anayeilisha familia hii, kwa hiyo atatajwa kwa heshima zote.

Leta ana umri wa miaka hamsini na minane, na kwa muda mrefu alishona matandiko nyumbani kwake Dakota Kusini. Tatizo lilikuwa moja: wateja wake hawakai. Majira ya baridi wako Arizona, kiangazi wako Wyoming, na tandiko likichanika Jumatano linahitajika Alhamisi. Mumewe Orrin alipostaafu kuendesha basi la shule, waliuza nyumba na kununua trela ndefu yenye vyumba mbele na karakana mkiani.

"Muuzaji alituambia tutaishi kama wafalme," anakumbuka Leta. "Hakusema wafalme wa nchi gani."

Wakamfunga Gertrude huko nyuma kabisa, kando ya mlango, ili iwe rahisi kumshusha. Wakampangia mizigo ya ngozi pembeni. Chumba cha mbele wakakiachia mito na mapazia. Mtu yeyote aliyewahi kuvuta trela anaposikia mpangilio huu hufumba macho, kwa maana mkia ukiwa mzito, pua ya trela huinuka na kuacha kulikandamiza gari linalovuta. Kutoka hapo, upepo mmoja tu unatosha kuiyumbisha.

Upepo ulikuja kwenye mteremko mrefu, pamoja na lori lililowapita kwa kasi. Mkia ukaanza kucheza.

"Niliangalia kioo cha kushoto, nikaona karakana," anasema Orrin. "Nikaangalia cha kulia, nikaona karakana. Nikajisemea, mbona tulinunua moja?"

Alibana breki za trela tu, si za gari, polepole, mpaka kila kitu kikanyooka. Kisha akaegesha, akashuka, akakaa chini kwenye changarawe. Mtu aliyewapeleka watoto wa wilaya nzima shuleni bila kumkwaruza hata mmoja alisema hatavuta tena kitu chochote chenye Gertrude ndani.

Walijikokota mpaka kambi ya jangwani ambako watu wa nyumba za magurudumu hukaa majira ya baridi. Hapo Orrin alimpigia simu Emmett Lowery, mfanyabiashara wa matandiko wa Phoenix, ambaye amekuwa akimtamani Gertrude miaka nenda miaka rudi. Wakakubaliana aje Jumamosi kumchukua. Baada ya hapo, wangehamia uani kwa binti yao, Nebraska.

"Binti yetu ni mwema," anasema Leta, akichagua maneno. "Ana watoto watatu, mbwa wawili, na maoni juu ya kila kitu."

Zilibaki siku chache. Leta akazunguka kambi nzima kuuliza ni nyumba ipi inayoweza kubeba maisha na karakana kwa pamoja. Akafunguliwa kila mlango, akaonyeshwa kila kabati, akapewa jibu moja lisilobadilika: nyumba bora ni ya huyo anayeulizwa. Jirani yake Wilma Petrakis, mjane anayeishi ndani ya basi la shule lililotolewa viti, alimkabili Orrin mwenyewe.

"Shemeji, chukua basi! Si umeendesha maisha yako yote?"

"Ndiyo maana silitaki. Nikilala humo nitaamka nawahesabu watoto."

Ndipo Leta alipochukua futi yake ya kushonea na kuanza kuokota mawe. Akayapanga juu ya changarawe, kwa vipimo kamili, nyumba moja baada ya nyingine: kitanda hapa, jiko pale, Gertrude kule. Sheria ilikuwa kwamba mchana wote wataishi ndani ya mawe, na hakuna kupita ukutani. Majirani watano walimteremsha Gertrude kwa mbao na kelele nyingi, wakamweka mahali pake.

Nyumba ya kwanza, ya umbo la basi, ilidumu asubuhi moja. Harufu ya gundi ilifika kwenye mto wa kitandani kabla ya chakula cha mchana, na Orrin akauliza basi likiharibika wao watalala wapi wakati fundi anatengeneza chumba chao. Leta akapiga teke mawe.

Ya pili ilikuwa vipande viwili. Chumba kidogo cha kubebwa mgongoni mwa pikapu, na nyuma yake trela fupi ya kazi peke yake, Gertrude akiwa amekaa mbele kidogo ya ekseli, mhimili wa magurudumu, mahali ambapo uzito wake ungeikandamiza pua badala ya kuiinua.

"Mimi nitasimama wapi kuvaa suruali?" aliuliza Orrin, akiwa amebanwa kati ya jiko na kitanda cha mawe.

"Nje."

"Na mvua?"

"Hili ni jangwa, mzee. Vaa haraka."

Siku ya kwanza Orrin alipita ukutani makusudi, akienda na kurudi, akipiga mluzi. Wilma alikuja na mkate wa mahindi, akasimama mbele ya hewa tupu akagonga: "Hodi wenyewe!" Orrin akamwambia hakuna mlango hapo, kuna jangwa. Siku iliyofuata Leta alimwona akizunguka kwa miguu hadi kwenye jiwe jeupe, lililokuwa mlango, akiwa na ndoo ya maji mikononi. Alirudisha macho kwenye mshono.

Jumamosi Emmett Lowery alifika na winchi na tabasamu. Akamwona Gertrude, akanyoosha moja kwa moja.

"Wee bwana!" Orrin alifoka kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Umepita ukutani!"

Emmett akasimama. Akatazama chini, akatazama huku na huku. "Ukuta upi?"

"Huo uliouvunja. Pitia mlangoni kama watu. Pale, kwenye jiwe jeupe. Na ufute miguu."

Mfanyabiashara yule alirudi nyuma, akazunguka, akafuta buti zake juu ya changarawe ambayo ilikuwa chafu kuliko buti. Leta alikuwa amemshika Gertrude kwa mikono miwili ili asianguke kwa kicheko. Kicheko kilipoisha, alimtazama mumewe. Orrin aliutazama mwiko.

"Hauzwi," Orrin alisema hatimaye. "Samahani, bwana, nimekusafirisha bure. Kaa ule maharage. Hapana, hapo ni kitandani. Huku."

Trela ndefu ilienda kwa mume na mke wenye pikipiki nyepesi, baada ya kuhutubiwa kwa kirefu kuhusu kupanga mizigo. Orrin hakuondoka kwenye mizani ya malori mpaka pua ya trela mpya, ile fupi ya kazi waliyoinunua, ilipobeba zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Mizigo ya ngozi ilihamishwa na kurudishwa mpaka mpima akaomba kwenda kula. Kisha Orrin akaipitia njia ileile, mteremko uleule, na upepo ukaja kama ulivyozoea.

"Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia," anasema, akikoroga sufuria nyuma ya pikapu, kichwa kimeinama kwa sababu dari haimtoshi. "Hakuna kitu. Karakana ilikuwa moja, na ilikuwa nyuma yangu."

Kiangazi watakuwa Wyoming, na Leta anatarajia kuwafundisha kushona wapanda farasi wawili ambao wamechoka kuvunjika mbavu. Majira ya baridi watarudi kambini. Mawe bado yako palepale. Wilma amepiga simu kusema kuna mume na mke wamefika, wanabishania nyumba ya kununua, na amewahamishia humo kwa muda.

"Mwanamume bado anapita ukutani," alilalamika.

"Mpe siku mbili," Leta alimjibu, na kumwita mteja anayefuata.