Udongo Nilioukaanga

Mimi nina ugonjwa wa usafi, na hasira zangu ziko karibu. Mwaka nilioanzisha kitalu cha miche nyuma ya nyumba yetu hapa Zinga, nusu ya miche ilioza shina ikiwa bado michanga. Nikaapa kwamba safari nyingine kila punje ya udongo itapita motoni kwanza.

Kwa hiyo nilipoiahidi shule ya jirani miche ya mivinje ya kukinga upepo, ipandwe masika ikianza, nilikata pipa, nikawasha kuni, nikakaanga udongo kama anayekaanga karanga. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Kiwangwa kunisaidia kujaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Siku ya mwisho moshi ulimchosha. Akazoa udongo mweusi chini ya mvinje mkubwa wa uani, akajazia safu nzima.

Nilipogundua nilimfokea mbele ya majirani. "Uchafu wako huo nenda nao kwenu!"

Asubuhi alifunga mzigo wake akaondoka, nami nikajifanya nafagia.

Mbegu ziliota zote. Lakini baada ya miezi miwili miche yangu safi ilikuwa ya njano, imedumaa. Miche ya safu ya wifi, ambayo hata maji nilikuwa naipa kwa kinyongo, ilikuwa ya kijani na mirefu mara mbili. Iliniuma, tena sana, na masika yalikuwa yanakaribia.

Nikamwita bibi shamba, mtaalamu wetu wa kilimo. Aling'oa mche mmoja kila upande. Mizizi ya ule wa wifi ilikuwa na vifundo vidogo na nyuzi nyembamba kuliko unywele. Akanieleza kuwa ndani ya vifundo wamo bakteria wanaoulisha mvinje, na nyuzi ni kuvu wanaoutafutia maji. Udongo hai una wengine wa kila namna wasioonekana kwa macho, wapo wanaoozesha majani, wapo wanaowala hao waletao magonjwa.

"Wewe umeua wabaya na wazuri pamoja," alisema. "Chukua udongo wa chini ya mvinje, tia kiganja kimoja kila kiriba."

Kuchota ningeweza mwenyewe. Lakini niliona haya kuugusa udongo ule kabla sijamwomba wifi radhi. Nikampigia simu.

"Shikamoo, wifi."

"Makubwa! Leo mimi ndiye wa kuamkiwa? Kuna msiba?"

"Nilikukosea, wifi. Nisamehe. Njoo, mgeni njoo mwenyeji apone."

Akacheka mpaka nami nikacheka, huku machozi yananitoka.

Alikuja kesho yake. Tulichuchumaa siku mbili tukitia udongo kiriba kwa kiriba, tukisengenya dunia nzima. Wiki zikapita, kijani kikarudi kidogo kidogo. Tulipoipeleka miche shuleni mvua ilikuwa imeshaanza, na mwalimu mkuu akaniuliza nani aliyeiotesha vizuri namna ile.

Nikamwonyesha wifi yangu.