Debe Alilolichukua Dada

Wageni wakifika kwetu, juu kidogo ya Lukozi, mimi huwaonyesha kuku wa mke wangu kabla hawajakaa. Mungu anisamehe kama ni majivuno. Nimeadhini katika msikiti wetu mdogo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na hilo sijawahi kumtajia mgeni. Kuku nawaonyesha.

Walianza vibaya. Kideri kilipita kijijini kikaua kuku wa banda zima, na mke wangu, ambaye hajakaa bila kuku tangu aolewe, akawa anaamka asubuhi, anashika bakuli la pumba, halafu anakumbuka. Mwishowe akanunua vifaranga ishirini wa mashine kule Soni. Aliniambia wazi: hawa wakiisha, haanzi tena, umri umekwenda.

Tuliwalea ndani ya boksi karibu na jiko mpaka manyoya yakaota. Siku tuliyowatoa uani, jani kavu la mgomba liliyumba juu yao, na wote ishirini wakajibanza chini, kimya kama mawe. Nikasema subhanallah. Hawakuwa na mama, hawakuwahi kumwona ndege yeyote, na bado Muumba alikuwa amewatilia ndani ya yai hofu ya kitu kipitacho juu. Ila waliogopa kila kitu: kanga kwenye kamba, kofia yangu, moshi. Baada ya wiki wakazoea, wakaacha kujibanza. Ndipo mwewe akaanza kuwachukua.

Nikajipa kazi ya ulinzi. Kati ya swala na swala nilikaa juu ya gunia, debe mapajani, macho mbinguni. Kila nilipoona bawa, niligonga. Kunguru, debe. Njiwa, debe. Siku mbili za kwanza vifaranga walikimbia. Siku ya tatu waliendelea kuchakura kana kwamba nagonga kwa jirani. Kufikia Ijumaa walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

"Sheikh," mke wangu alisema, naye hakuwa anacheka, "ukiadhini adhuhuri mara arobaini kwa siku, nani atakuja kuswali?"

Jioni ile alikuja dada yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko chini ya shamba letu la kabichi. Alibeba tenga, na ndani yake kuku mwenye vifaranga sita. Kwetu kuku mwenye watoto huazimwa kama jembe, na hurudi kwa mwenyewe pamoja na mtetea mmoja wa shukrani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ngoma hiyo unampigia nani, mwewe au mimi?"

"Namfukuza mwewe."

"Unamtazamia wapi?"

Nikaonyesha juu. Dada akamgeukia mke wangu. "Wifi, huyu ulimkubali mwenyewe. Mimi simo."

"Nilikuwa bado mtoto, wifi. Mlinidanganya."

Walipomaliza kucheka, dada alinivuta kanzu hadi ukingoni mwa uwanja. Chini yetu, juu ya matuta ya kabichi, mwewe alikuwa akizunguka polepole, nami niliuona mgongo wake. "Huku mlimani hatoki mbinguni," dada alisema. "Anapanda kutoka bondeni, amejificha na ukingo. Ukimwona juu, ameshapita." Nimezaliwa kwenye mteremko huu, na siku ile ndiyo niliyojifunza.

Kuku wake alikuwa mzee, na mgongoni alikuwa na kovu pasipoota manyoya. Alishikwa na mwewe akiwa mtetea, akaponyoka. Alichakura akiwa amekaa upande, jicho moja kwenye punje, jingine bondeni.

"Namwacha," dada alisema, "ila debe naondoka nalo."

Asubuhi nilikaa kwenye gunia, mikono haina kazi. Yule kuku hakuwapenda vifaranga wetu hata kidogo. Kila aliyesogelea pumba za watoto wake alidonolewa. Kunguru akapita, kuku hakuinua kichwa. Njiwa wakapita, vilevile. Mimi nilikuwa nashika magoti yangu yasiondoke. Mke wangu alisimama mlangoni na bakuli lake, akiwahesabu kwa midomo.

Kisha kuku akaacha kuchakura. Akatoa sauti moja, nzito, ndefu, ya kooni. Watoto wake sita wakapotea chini ya mibuni ya kando ya uwanja. Wetu watatu wakawafuata. Wanane wakabaki wamesimama, na mimi nikafungua mdomo ili nipige kelele, nikaufumba. Nilisubiri. Sijui subira iliyonigharimu kama ile. Mmoja wa wale wanane akakimbia, na wengine wakamfuata, na kivuli kikapanda ukingo yule wa mwisho akiwa anaingiza mkia mibunini. Mwewe alipita juu ya uwanja mtupu, akarudi bondeni bila kitu.

"Kumi na mmoja," mke wangu alisema. Akaliweka bakuli la pumba chini, akalikalia akidhani ni kigoda.

Kwa siku kadhaa waliendelea kukimbia kwa kuwatazama wenzao. Baadaye walikimbia kwa kuisikia sauti yenyewe. Hakupotea hata mmoja. Dada alirudishiwa kuku wake na mtetea mzuri kuliko wote.

Sasa banda limejaa. Mmoja wa wale wa mashine, ambaye hakuatamiwa na kuku yeyote, ana vifaranga tisa, na juzi nikitoka kuswali alasiri nilimsikia akitoa sauti ileile, nzito, ya kooni. Sikugeuka kutazama juu. Nilitazama bondeni, na mwewe alikuwepo. Watoto wake tisa walikuwa wameshaingia mibunini.

Mgeni akiuliza ni nani aliyewafundisha, mke wangu hunitazama asikie nitakavyojibu. Namwambia mgeni kwamba kazi ya Mungu haikuwa na upungufu, aliyekuwa akiivuruga ni mimi. Debe bado liko kwa dada. Amepanda vitunguu ndani yake.