Salamu Ndani ya Banda la Video

Mama alikuwa hasemezani na mdogo wake wa kiume tangu alipokosa kuja kumzika mke wa huyo mdogo wake. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nilijiona ndiye wa kuwapatanisha. Mjomba hupiga ngoma kubwa katika kikundi kimoja cha matarumbeta cha Ujiji, na Jumapili moja ya kiangazi vikundi vyote vilikuwa na gwaride mjini. Nikamtoa Mama kijijini kwake Kidahwe kwa kisingizio cha kutazama sherehe. Niliamini wakishaonana tu, damu itakuwa nzito kuliko maji.

Mgeni rasmi aliyetangazwa saa mbili alifika saa tano, kama ilivyo ada ya wageni rasmi. Jua lilikuwa limeshatuchoma vya kutosha matarumbeta yalipotokea, na Mama akajipenyeza hadi kwenye kamba. Kwetu mdogo ndiye huanza: anainama, anapiga makofi ya taratibu, na mkubwa anamwuliza habari za nyumba nzima, mtu mmoja mmoja. Sasa Mjomba angeanzaje? Mikono yote miwili ilikuwa kazini, na akiacha ngoma, gwaride zima linakosea hatua. Alimwona dada yake, nina hakika, kwa sababu shavu lilimcheza. Kisha akakaza macho mbele, akapita.

Mama alisema amedharauliwa mbele ya mji mzima. Nikamweleza habari ya ngoma. Akanijibu kwamba yeye amesalimia watu maisha yake yote akiwa na kuni kichwani na mtoto mgongoni, tena mtoto mwenyewe ni mimi.

Nikampeleka Ujiji kwenye banda la video, bila kumwambia kuwa Mjomba hakosi hapo kila Jumapili jioni. Ilikuwa filamu ya Kihindi, na mtafsiri mmoja alisema maneno ya wote, hata ya bibi harusi, kwa sauti yake nzito ileile. Mama alisahau machungu yake, akaanza kumwonya steringi kwa sauti asiingie kwenye ile nyumba.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwelekeza Mjomba. Alikuja gizani na sare yake ya gwaride, akainama mbele ya Mama, akaziba nusu ya filamu na kuanza makofi.

"Mwiriwe, dada."

Watu wakamtaka akae. Lakini salamu ikishaanza haikatwi. Mama akauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, naye akajibu njema, njema, njema, na mimi nikaanza kujipongeza. Ndipo ulimi wa Mama, uliozoea mpangilio ule miaka yote, ukamtangulia.

"Na wifi yangu?"

Makofi yakakoma.

"Wifi yako tulimzika, dada. Tulikungoja mpaka saa kumi."

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Tuligombana naye," alisema. "Nilidhani tutapatana." Halafu akasimama. "Nipeleke alipo."

Wakatoka wameshikana mikono, na hakuna aliyemkumbuka mpatanishi. Nikabaki kwenye benchi nalia waziwazi kama mtoto, mpaka jirani yangu akanigusa bega. Akanituliza kwamba filamu hii ameshaiona, nisiwe na wasiwasi, steringi hafi.